Bega la Mwenye Chumba

"Hiki ni chumba au ni ndani ya yai?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na hata kukanyaga ndani hakutaka. Nilikuwa nimemwita aje aone chumba nilichomtayarishia dada yake, yaani mama yangu mzazi. Nyumba aliyopanga mama tangu ujana wake ilikuwa inabomolewa. Mwenye nyumba alikuwa amefariki na warithi wakataka ghorofa, kwa hiyo mama ilibidi aje kukaa kwangu. Nilitarajia sifa. Nilikuwa nimetandika kitanda, nimetundika mapazia niliyoyashona mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu, na kuta zimepakwa zinang'aa. Sifa zenyewe ndizo hizo.

"Mjomba, hiyo ni nyeupe. Nyeupe ni usafi."

"Juu nyeupe, chini nyeupe, dari nyeupe. Dada yangu unamlaza humu awe kiini?"

"Siku hizi watu wote wanapaka hivi."

"Siku hizi watu wanakula wamesimama. Na wewe kula umesimama."

"Basi ingia ukae, nikuletee chai."

"Siingii. Nikiingia nitapotea. Nani kakupakia?"

"Kijana mmoja. Ana rola, asubuhi moja tu kamaliza."

"Ana rola!" Alilitamka kana kwamba nimemwambia kijana ana upele. "Na mimi je? Ungesubiri nife kwanza, mama, unizike vizuri, ndipo umwite mwenye rola."

Hapo ndipo kilipokuwa kidonda. Makusudi sikumwita aje kupaka, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, kikombe cha chai kikimfikia mdomoni kimebaki nusu. Nikamwambia hivyo hivyo, maana mimi kuzungusha maneno sijui.

"Unatetemeka kwa sababu hauna kazi," akasema. "Upe brashi uone."

Akavaa kofia akaondoka. Chai ikabaki, na kwaheri sikuisikia.

Huyu mjomba wangu ndiye aliyepaka karibu kila nyumba ya mtaa wetu wa zamani, na watu walimwita Mstari. Hakupata kupaka chumba rangi moja. Chini aliweka rangi nzito ya mafuta, juu rangi nyepesi ya maji, na katikati mstari ulionyooka mpaka ukatamani kuweka vikombe juu yake. Chini ni mafuta kwa sababu huko ndiko watu wanakoishi: migongo ya viti, mikono ya watoto, vichwa vya wageni wanaoegemea, usukani wa baiskeli iliyolazwa ndani isiibiwe. Unachukua kitambaa na sabuni, unafuta, ukuta unarudi upya. Juu ni nyepesi kwa ajili ya mwanga. "Macho nayo yanataka pa kupumzikia," alikuwa akisema, na yeye mwenyewe akiyapumzisha huko juu kila alipoulizwa kazi itakwisha lini.

Kupaka kila mtu anaweza. Kazi ni mstari. Mafundi wengine walipima kwa tepu kutoka sakafuni, nyumba zote sawasawa kama sare za shule. Mjomba tepu hakuwa nayo. Yeye alipima kwa bega la mwenye chumba, na mwenye chumba kwake alikuwa mama wa nyumba. Baba wa nyumba, alisema, ni mtu anayelala humo tu.

Basi akimaliza kupiga msasa na kuzibaziba matundu ya misumari, alikuwa anaita, "Shemeji, njoo nikupime!" Shemeji anakuja kutoka jikoni huku akijifuta mikono, anasimama mgongo ukutani, kidevu mbele kama anayepigwa picha. Mjomba anaweka alama ya penseli begani. Kutoka hapo anafunga uzi aliousugua chaki, kutoka msumari huu hadi ule, anauvuta katikati kama kamba ya gitaa, anauachia. Pa! Mstari uko ukutani.

"Usinyanyue kisigino, shemeji!"

"Sijanyanyua."

"Umenyanyua. Ukishajinyanyua leo utajinyanyua mpaka uzeeni, kila ukiingia chumbani kwako ukuta utakusuta."

Maana walikuwa wanajinyanyua, msifikiri. Mke wa karani alikuja na viatu vya kisigino kirefu, akasema ndivyo anavyoshinda navyo ndani. Mjomba akamwambia basi na alale navyo.

Halafu kuna habari ya fundi bati. Mke wake wa kwanza alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Wakaachana. Akaoa mwingine, mfupi, mzuri, mcheshi, na akamwingiza kwenye chumba kile kile. Bibi harusi akaweka mzigo wake chini, akatazama ukuta, akaona mstari unampita puani. Hakulia wala hakugomba. Alichukua mto wake akaenda kulala jikoni kwenye mkeka. Fundi bati alivumilia siku chache, kisha mtaa mzima ukamwona asubuhi anakwenda kwa mjomba mbio mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Shemeji yako kagoma. Njoo ushushe."

"Nishushe mstari, au nimpandishe yeye?"

"Ndugu yangu, usinitanie, mgongo wangu umechoka kulala peke yake."

Mjomba alishusha. Tangu siku hiyo mume akijitia kumtishia mkewe kwamba ataoa mwingine, mke alikuwa anamjibu tu, "Haya, kamwite Mstari aje kupima." Ugomvi ulikuwa unaishia kwenye kicheko, au angalau unaisha. Leo nyumba zile nyingi hazipo. Ninapopita pale naona vioo na milango ya chuma, na hakuna ukuta unaoweza kukuambia mwanamke aliyekaa humo alikuwa na urefu gani.

Kwetu chini kulikuwa kijani na juu rangi ya maziwa. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda cha mama upande huu, sisi watoto upande ule, pazia katikati. Mstari ulikaa begani kwa mama barabara. Akiwa amesimama anasuka nywele mbele ya kioo, bega na mstari vilikuwa kitu kimoja, kama mtu aliyechorwa pamoja na ukuta. Sisi tulikuwa tunaishi kwenye kijani. Kukua kulikuwa ni kutoka kwenye kijani: siku kichwa chako kikichungulia kwenye rangi ya maziwa, ndiyo siku unaruhusiwa kuwasha jiko la mafuta ya taa peke yako. Mdogo wangu alijaribu kuuwahisha utu uzima kwa kusimama juu ya kitabu cha hesabu. Mama akamwambia kitabu hicho akisome kwanza. Mimi nilipotoka kwenye kijani nilivimba kichwa mpaka nikaunguza uji.

Na harufu! Mjomba akija kula kwetu jioni alikuwa ananuka rangi na mafuta ya taa aliyonawia mikono, kucha zake zina rangi ya nyumba ya mtu. Tulikuwa tunabahatisha. "Leo bluu, kwa mwalimu!" "Siyo, kwa mshona viatu!" Mama anampa maji, anampa chakula, anamtukana kidogo, ndiyo mapenzi yao. Alimzidi miaka michache tu lakini alikuwa anamwita "wewe mtoto", na mpaka leo ana mvi kichwa kizima bado anamwita "wewe mtoto".

Sasa nirudi kwenye yai langu. Mama alikuja, akalala siku ya kwanza. Asubuhi nikamkuta ameketi kitandani, amevaa, mkoba mapajani.

"Asante, mwanangu. Chumba kizuri. Ila nitatafuta cha kupanga."

Macho ya mama yalikuwa yamefifia, chumvi na sukari alikuwa anazitofautisha kwa ulimi. Nikamwona yuko peke yake kwenye nyumba ya wapangaji asiowajua, jiko linawaka, hakuna wa kumwambia moto umeshika pindo la nguo.

"Utapanga wapi na macho hayo, mama?"

"Kwani nalala kwa macho?"

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Akanyanyua mkono akagusa paji la uso, nikaona pamevimba. "Nilitoka kitandani alfajiri nikaugonga ukuta. Kule kwangu naona kijani, najua huu ukuta, kile kiti, pale mlango. Huku kwako kila kitu kimenyamaza."

Akarudi kwake na mkoba wake. Mimi nikavaa kandambili nikaenda kwa mjomba. Nilimkuta kibarazani anamenya chungwa, na alihakikisha amelimaliza kulimenya ndipo akanyanyua kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Rola imevunjika?"

"Njoo unipakie chumba cha mama. Kagoma."

"Mimi mkono wangu unatetemeka."

"Mjomba!"

"Si umesema mwenyewe? Mimi nakukumbusha tu." Akanigawia kipande cha chungwa, nikajua tumepatana. "Mwambie aje kupimwa. Bila bega sipaki."

Alikuja na brashi zake amezifunga kwenye kitambaa kama mkunga. Nikamwambia ningependa chini kuwe rangi ya majivu ili ioane na mapazia yangu. Akaniambia pazia ndilo linalofuata ukuta. Nikajua nina kazi ya kushona upya. Mama akakalishwa katikati ya chumba kama mheshimiwa.

"Kijani, dada, kama kule?"

"Kijani nimekichoka."

Tukatazamana, mimi na mjomba.

"Nataka bluu," akasema mama. "Bluu nzito. Nilikuambia bluu tangu siku ile nahamia. Ukanipaka kijani kwa kuwa ndicho kilichokubakia kwenye kazi ya kupaka shule."

"Ulisema umekipenda!"

"Ulikuwa mtoto umejitahidi. Ningesemaje?"

Mjomba alitafuta cha kufanya, akakoroga kopo ambalo lilikuwa limekwisha kukorogwa. Bluu ikanunuliwa, na ya juu rangi ya maziwa. Kisha akamsimamisha mama ukutani, akaweka alama ya penseli. Mama akageuka, mjomba akamwekea kidole kwenye alama.

"Hapa ni chini. Hili si bega langu."

"Ndilo."

"Wewe mtoto, bega langu nalijua. Liko juu."

"Liko juu kule kwako, dada. Hapa liko hapa."

Mama akarudi kusimama, akajivuta, na niliona kabisa kisigino kinanyanyuka kwenye kandambili. Mjomba pia aliona. Hakumwambia ashushe. Akaenda kusimama karibu naye, mgongo ukutani, akaniambia nimpime na yeye. Nikaweka alama. Akaipapasa, akaguna.

"Na mimi nimeshuka. Enzi zile nilikuwa nafika juu ya swichi. Tumetumika, dada. Hata sabuni ikitumika inapungua."

"Wewe umepungua kwa uvivu," mama akasema, lakini kisigino kikarudi chini.

Akapaka siku nzima. Kwenye mstari alishika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, brashi ikawa inatetemeka hewani mpaka ilipogusa ukuta, ikigusa inatulia. Karibu na dirisha mstari ulicheza kidogo, kama mtu aliyeitwa ghafla kwa nyuma. Yeye aliuona, mimi nikauona, na pazia langu jipya likashonwa pana kidogo upande huo. Ilipokauka, mama akaingia, akasimama mlangoni. Akanyoosha mkono akaukuta mwisho wa bluu pale pale begani, akaufuata kwa kidole mpaka kitandani bila kugonga kitu. Akaketi.

"Sasa naona mko wapi," akasema.

Nikafikiri tumemaliza. Siku ya kuhama nikaleta wachukuzi na mkokoteni. Kitanda kikatoka, meza ikatoka, masufuria yakatoka. Likabaki kabati la nguo, lile zito ambalo hatukupata kuliona limesogea tangu tuzaliwe. Wachukuzi wakalivuta, likalia sakafuni. Nyuma yake kijani kikaishia ghafla, kimechanikachanika kama pindo la nguo kuukuu, na kutoka hapo hadi kona ni plasta tupu, ya kijivu, juu hadi chini. Pana pa kutosha mtu kusimama.

Mama hakuwa anaona vizuri, lakini aligeuza uso ukaelekea pale pale.

"Mwenyewe yupo?" akauliza.

"Nipo, dada," mjomba akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye angependa asiwepo.

Nilikuwa nimesikia tangu utotoni mama akimwambia mjomba kila wanapokorofishana, "Usinibabaishe, nakudai ukuta." Nilidhani ni msemo wao tu, kama wengine wanavyosema nakudai maisha. Kumbe ulikuwa ukuta. Kijani kilimwishia kabla ya kufika kona. Akamwambia dada yake aweke kabati hapo kwa muda, atarudi kumalizia. Kisha akapata kazi nyingine, na nyingine, na mtaa mzima ukamhitaji, na dada ni dada, hawezi kukimbia.

Mama akaketi juu ya furushi la matandiko.

"Sitoki."

"Mama, mkokoteni uko nje, unatuhesabia muda!"

"Na uhesabu. Sitoki kwenye nyumba yangu ukuta haujaisha."

"Nyumba inabomolewa wiki ijayo!"

"Itabomolewa ikiwa imemalizika."

Wachukuzi wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole kwamba bibi, hata ikipakwa dhahabu, nyundo haichagui. Mama akamwuliza kama yeye kwao anatoka nyumbani bila kuvaa suruali kwa sababu atakufa siku moja. Kijana akaenda kukaa kwenye mkokoteni.

Mimi nilimsogelea mjomba nikamwomba amwambie neno, yeye anamsikiliza. Lakini mjomba alikuwa anatazama plasta ile kama mtu aliyekutana na jamaa yake aliyemficha wageni wasimwone. Kuta zote alizopata kupaka, za wenye pesa na wasio nazo, na hii ya dada yake imengoja nyuma ya nguo.

"Kijani sina," akasema.

"Nani kakuomba kijani?"

Nikawaambia wachukuzi watangulie na mizigo. Mimi nikaenda nyumbani mwenyewe kufuata makopo yaliyobaki, bluu kidogo na maziwa kidogo, na brashi. Niliporudi nilimkuta amekwisha kuipiga msasa plasta kwa kipande cha tofali alichookota uani, vumbi limemjaa nyusi. Mama bado yuko kwenye furushi, anamwelekeza.

"Na hapo chini. Nasikia hujafika chini."

"Nafika, dada."

"Ndivyo ulivyosema siku ile."

Akaweka msumari, akasugua uzi kwa chaki. Nikamshika mama mkono kumwinua aende kupimwa, kwa mazoea. Mjomba akatikisa kichwa.

"Hapa sipimi. Hapa najua."

Akauanzisha uzi pale kijani kilipoishia, akaunyoosha mpaka kona, akauachia. Pa! Ukakaa mahali pale pale pa zamani, kiganja kizima juu ya bega alilonalo mama leo, begani kabisa kwa yule aliyekuwa anasuka nywele mbele ya kioo na sisi tuko chini kwenye kijani. Nilishughulika na kukunja lile pazia la katikati ambalo nilikuwa nimekwisha kulikunja.

Bluu ikapanda kando ya kijani. Haikuoana hata kidogo, kama mtu aliyevaa mkono mmoja wa shati la mwenzake. Juu akaweka maziwa. Mkono ulikuwa umechoka, alipumzika mara nyingi, paji la uso limegusa ukuta mkavu, na mama hakumharakisha. Walikuwa wanaongea mambo ya kwao ya utotoni, nani aliiba sukari, nani alichapwa kwa ajili ya nani. Nje jirani alikuwa anang'oa mabati yake mwenyewe kabla wengine hawajaja kuyang'oa.

Alipoweka brashi chini, mama alisimama. Akatembea kuufuata mstari kwa kidole, kijani kikapita, akafika kwenye bluu, kidole kikazama kidogo kwenye rangi.

"Mbichi," akasema.

"Itakauka, dada."

"Itakauka." Akanusa kidole, akakifuta kwenye shati la mdogo wake, taratibu, mpaka kikatakata. "Sikudai tena. Haya nishike mkono, kizingiti hicho sikioni."